Siku Sita Bila Choo

Watu wakisimulia vita ya Bunia, kila mmoja ana yake. Huyu alikimbia na godoro kichwani, yule alilala porini wiki nzima, mwingine alimzika ndugu yake penye shamba la mihogo. Zamu yangu ikifika nasema ukweli: mimi vita ilinishika tumboni. Sikupigwa risasi wala panga. Nilifunga choo siku sita, nyumbani kwa mkwe wangu, na nusura nife kwa aibu kabla mtu hajaniua. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nimeshacheka sana, ila siku zile sikucheka hata kidogo.

Jina langu ni Suzanne, mtu wa Mahagi. Mwezi wa nne wa mwaka 2003 nilishuka Bunia kwa sababu binti yangu Joëlle alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mama gani anamwacha binti yake aogeshe kichanga peke yake? Lakini sikufikia kwake. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali nyumba moja. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake. Siyo chuki, ni heshima. Kwa hiyo nililala kwa Martine, mjane wa nyumba ya nyuma, na kila asubuhi nilingoja mkwe wangu atoke kwenda kazini, ndipo nipenye kwenye ua wa miti na kwenda kumuogesha mjukuu.

Huyo mkwe ni Julien, fundi wa redio, mtu wa upande wa Boga. Niseme wazi kwamba sikumtaka. Alipoletwa Mahagi kujulishwa kwetu, alikaa kitini saa tatu nzima bila kusema maneno kumi. Mimi ndiye niliyewauliza wazee wake, tena kwa sauti ya juu, "Ule kijana kwao ni wapi? Na ulimi yake aliacha huko?" Watu wakacheka. Yeye akatazama viatu vyake. Joëlle alilia usiku ule, na akaolewa naye vilevile.

Sasa sikia jambo lililotokea. Mwezi wa tano, siku chache baada ya askari wa Uganda kuondoka mjini, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Julien na mtoto mapajani, risasi zikaanza upande wa sokoni. Siyo moja mbili, bali kama mahindi kwenye kikaango. Julien aliingia mbio, akaufunga mlango kwa komeo, akageuka, akaniona. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirisha moja. Nawaambia, mtu yule alishika tena komeo atoke nje!

"Unaenda wapi?" Joëlle akapiga kelele.

"Mama iko ndani," akasema Julien, kana kwamba hilo lilitosha.

"Na inje kuko nini? Harusi?"

Akabaki. Na mimi sikuwa na pa kwenda. Martine alikuwa amekimbilia upande wa uwanja wa ndege pamoja na umati wa watu, akafunga nyumba yake kwa kufuli na ufunguo akaondoka nao. Basi nyumba ya mkwe ikawa nyumba yangu, vyumba viwili vya tofali za udongo, ubavu kwa ubavu. Mimi, Joëlle na mtoto tukakaa chumba cha kulala. Julien akabaki cha mbele katikati ya redio zake mbovu. Kati yetu kulikuwa na ukuta, lakini ukuta wenyewe haukufika paani. Mtoto akipiga chafya huku, fundi anasikia kule.

Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua ishirini tu. Ila nyumba ilikuwa na mlango mmoja, nao ulitazama barabara. Ili ufike chooni ilibidi uzunguke nyumba nzima, upite ubavu ule ulioelekea njia panda, na njia panda ndiko walikokuwa wakipigiana. Siku ya kwanza mbuzi wa jirani alijaribu kupita pale. Tulimtazama kwa ufa wa dirisha, amelala vilevile siku zote zile.

Joëlle akaweka ndoo pembeni ya chumba, akatundika kitenge mbele yake. Haja ndogo, sawa, nikavumilia. Lakini ile kubwa? Mimi, mama mkwe, nijikamue ndani ya ndoo, na mkwe wangu anasikiliza nyuma ya ukuta usiofika juu? Nikaapa. Nikasema vita haiwezi kuwa ndefu kuliko uvumilivu wangu. Nikapunguza kula, nikapunguza kunywa maji, na kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa bugali ya mihogo na maharagi makavu, bila mboga ya majani, sombe wala lengalenga, tumbo likakubaliana nami haraka mno. Siku ya pili likanyamaza. Siku ya tatu likawa gumu kama mtumba wa nguo uliofungwa kwa waya.

Na Julien naye, kwa heshima yake, alinizidishia mateso. Alikuwa na redio moja iliyoharibika, isiyoshika stesheni yoyote, inayotoa tu "shhhhh" kama mvua kwenye bati. Kila aliponisikia nainuka kwenda kwenye kitenge, anaiwasha. Shhhhh! Nikirudi, anaizima. Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa, hasira ilinipanda mpaka masikioni.

"Mwambie bwana yako azime kile kitu," nikamwambia Joëlle. "Anatangazia mutaa yote saa yangu ya kukojoa!"

"Mama, anakuheshimia."

"Basi aniheshimie kimya!"

Ukuta ule ukampelekea kila neno. Tukasikia amekohoa kidogo, akasema polepole, "Pardon, mama." Lakini nilipoinuka tena, shhhhh!

Siku ya nne mawe ya redio, betri zake, yakaisha. Nilidhani nitafurahi. Kumbe kimya kile kilikuwa kibaya zaidi, maana sasa nilisikia hata kitenge kikigusa ndoo. Tumbo lilivimba, kichwa kiliniuma, nikawa mkali hata kwa mtoto asiye na kosa. Joëlle akatoa bomba la mpira la kutilia maji nyuma ili tumbo lifunguke, lile dogo alilonunuliwa kwa ajili ya kichanga, akalijaza maji ya uvuguvugu na sabuni. Kila nyumba ya Congo ina bomba la namna hiyo, na kila mama anajua kazi yake. Mimi mwenyewe nimewatia watoto wangu sita, na wengine niliwakimbiza shambani ili kuwatia.

"Lala ubavu, mama."

"Mimi?"

"Mama, utakufa."

"Nitakufa na nguo yangu mwilini. Toa hiyo kitu!"

Tulivutana nalo, bomba likaruka, maji ya sabuni yakampata mtoto usoni, akalia. Binti yangu akakaa chini, akaanza kulia pia. "Batu banakufa inje kwa risasi," akasema, "na weye unataka kufa kwa mavi!" Nikataka kumpiga kofi. Badala yake nikajikuta nacheka, na kucheka kukaniuma tumbo, nikalia. Niliogopa. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na nilianza kuona kwamba nitakwenda nje siku moja, risasi zipige zisipige, kwa sababu mwili ukitaka choo hauulizi habari ya vita. Joëlle naye aliliona hilo usoni mwangu. Nadhani ndiye aliyekwenda kumwambia mumewe, kwa maana walinong'ona muda mrefu.

Kulipokucha, siku ya tano, nilisikia kitu kikikwaruza. Julien alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya chumba cha mbele, penye ukuta wa nyuma, na bisibisi kubwa na kipande cha springi ya gari. Alikuwa anatoboa nyumba yake mwenyewe.

Joëlle akanieleza. Ukuta ule ulitazama migomba, mpapai na choo. Upande ule haukuonekana kutoka njia panda. Akipata tundu la mtu kupita, mama ataenda chooni kama mtu, bila ndoo, bila risasi. Nikasema ni wazimu, nyumba itaanguka. Hakujibu; si nilisema hana ulimi? Risasi zikilia nje, anakwaruza kwa nguvu. Zikinyamaza, anakwaruza polepole kwa kidole na ncha ya bisibisi ili asisikike. Alitoa tofali moja, akalipanga kando. La pili. La tatu. Vumbi likatujaza pua. Alitoka damu kwenye kucha, akazifunga kwa utepe mweusi wa umeme, akaendelea. Kutwa nzima. Nilimchungulia kwa pembeni ya pazia, jambo nisilopaswa kufanya, nikaona mgongo wa mtu aliyeamua. Hapo moyo wangu ukanisuta kwa mara ya kwanza.

Asubuhi ya siku ya sita tundu lilikuwa tayari, upana wa mtu aliyeinama. Yeye mwenyewe akatoka kwanza. Mimi nilidhani amekwenda kujisaidia, na sikumlaumu. Akarudi, akaweka kitu mlangoni pa chumba chetu, akakohoa, akaondoka. Lilikuwa papai. Kwa siku sita nilikuwa nimelitazama lile papai kwa ufa wa dirisha dogo la nyuma, lisilopitisha hata kichwa, papai likigeuka njano taratibu, na sikumwambia mtu. Nililila lote, pamoja na mbegu zake chungu, maana mbegu ndizo dawa. Nikanywa maji vikombe vitatu. Nikangoja kama mtu anayengoja barua.

Saa nane ya mchana tumbo likanguruma. Nikafunga kitenge, nikainama, nikapita kwenye tundu la mkwe wangu. Hewa ya nje! Nilisimama kidogo chini ya migomba nikaivuta, halafu nikaingia chooni. Kilikuwa choo cha udongo, paa la bati, mlango wa bati uliofungwa kwa kamba. Nikachuchumaa. Nikajisemea kwamba leo sitoki humu mpaka kieleweke.

Ndipo nikasikia mlango wa mbele wa nyumba ukipigwa mateke.

Nikasikia migomba ikichakacha, miguu ikikimbia, halafu mtu amesimama karibu kabisa na choo. Akakohoa. Mnajua kwamba anayekaribia choo hukohoa, na aliye ndani hujibu kwa kukohoa. Watu wenye bunduki wanavunja mlango wake, na mkwe wangu anasimama hapo nje kukohoa! Nikakohoa.

"Mama, pardon sana," akasema kwa pumzi. "Banaingia nyumba. Joëlle na mutoto bamepita mu ua, bako kwa Martine mu migomba. Mimi nilibaki kufunga tundu na kabati. Sina tena njia."

Tangu Joëlle aolewe sikuwa nimemwambia mtu yule neno moja ana kwa ana. Nikainuka, nikashusha kitenge, nikasema, "Ingia, weye!"

Akaingia kinyumenyume. Naapa. Aliingia choo kile akitanguliza mgongo ili asinione, akajibana kwenye kona nyuma ya mlango, paji la uso ukutani. Kilikuwa choo cha mtu mmoja. Bega lake liligusa langu.

Ndani ya nyumba vitu vilikuwa vinaanguka. Redio zilivunjwa, vyombo vilitupwa. Kisha sauti ikasema, "Fundi mwenyewe iko wapi? Ule fundi kwao ni wapi?"

Mwingine akajibu, "Banasema ni mutu ya Boga."

"Basi mutafute."

Lilikuwa swali langu. Maneno yaleyale niliyoyasema Mahagi mbele ya watu ili wacheke. Siku zile pale Bunia, watu wakiuana kwa kabila, swali hilo lilitosha kumuua mtu, na mimi nilikuwa nimelichezea. Bega la Julien likiwa begani mwangu, nikaona aibu kuliko ile yote ya ndoo.

Wakazunguka nyumba. Hatua za buti zikaja moja kwa moja chooni. Na tumbo langu, ambalo nililibembeleza siku sita, likachagua wakati huo kuja. Nilikaza. Mungu ananijua, nilikaza kila kitu nilichonacho, meno, macho, vidole vya miguu, kwa sababu mkwe wangu alikuwa hatua moja nami, hata hiyo hatua haikuwepo.

"Nani iko mu choo?"

Hapo nikaamua. Niliwaza kwamba heshima niliyoilinda siku sita itanifaa nini nikienda kumwambia binti yangu kwamba mumewe alichukuliwa mbele yangu? Nikachuchumaa tena, nikapandisha kitenge, nikapaza sauti yote ya kuchunga ng'ombe.

"Ni mimi, mama muzee! Niko na tumbo, mutoto yangu! Tangu jana inatoka tu! Kuja unishike mukono, nguvu imeisha!"

Na nikaachia. Siku sita zilitoka pamoja. Sauti yake sitaieleza, niseme tu kwamba bati la paa liliitikia. Harufu nayo ilitoka bila kusubiri ruhusa. Mdomo wa bunduki ulikuwa umeshasukuma mlango, ukafunguka upana wa kiganja, na Julien yuko nyuma ya mlango huohuo. Sikuuvuta. Nilimwita yule mwenye bunduki kwa nguvu zaidi.

"Fungua, mutoto yangu! Ingia uone mama yako vile iko!"

Yeye pia alizaliwa na mtu. Alijua kama sisi sote kwamba anayetazama uchi wa mama wa umri wa mama yake anajitafutia laana isiyotoka. Bunduki ikarudi nje haraka.

"Hapana, mama! Funika! Funika!" Akatema mate. "Muzee mumoja tu! Iko na kolera! Tuondoke huku!"

Nikaendelea kuugua mpaka buti zikafika barabarani, na hata baadaye kidogo, kwa usalama. Halafu kukawa kimya. Nikajisafisha kwa majani niliyoyakuta, nikasimama, nikajifunga vizuri. Mkwe wangu alikuwa vilevile, uso ukutani, macho amefumba, masikio ameyaziba kwa vidole viwili, na machozi yanamtiririka. Nikaweka mkono wangu mgongoni mwake. Nilimgusa mkwe wangu, nikamwita kwa jina, nikijisikia kwa masikio yangu mwenyewe, "Julien. Wameenda."

Akatoa vidole masikioni, bado hajageuka. "Pardon, mama," akasema. "Mimi sikusikia kitu."

Tulimkuta Joëlle kwenye migomba ya Martine, amemziba mtoto mdomo kwa titi. Akamuuliza mumewe tulikuwa wapi. Julien akasema, "Mama alikuwa anasali." Nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, nilisali.

Nyumba iliachwa tupu. Walibeba godoro, sufuria, redio zote pamoja na ile ya shhhhh. Waliiba hata ile ndoo. Ile niliwaachia kwa moyo wote.

Mwaka uliofuata Julien na Joëlle walileta mtoto Mahagi. Ukoo wote ukakusanyika uwanjani, wanaume huku, wanawake kule, Julien amekaa mbali nami kama inavyotakiwa. Kaka yangu Floribert, ambaye hakuwahi kumpenda, akamuuliza mbele ya watu, "Bokilo, mukwe yetu, ile siku banaingia nyumba yako, weye mwanaume ulifanya nini?"

Julien akatazama viatu vyake. "Sikufanya kitu," akasema.

Wakaanza kuguna. Nikasikia mmoja amesema hana ulimi, tena hana moyo. Nikasimama. Mimi Suzanne ninayejulikana Mahagi yote kwa kiburi changu, nikasema kila kitu: ndoo, kitenge, bomba la mpira, kucha zilizotoka damu, tundu, papai, na vile nilivyopiga kelele na kuachia. Sikuruka hata kimoja. Wanawake walicheka mpaka wakaanguka juu ya mikeka. Floribert alijifuta macho, akasema ninadanganya, hakuna mama mkwe wa kufanya mambo hayo.

"Muulize yeye," nikasema. "Alikuwa humo."

Wote wakamgeukia. Kwa mara ya kwanza nilimwangalia mkwe wangu usoni kwa hiari yangu, mbele ya watu, naye akainua macho akaniangalia.

"Pardon," akasema Julien. "Mimi sikusikia kitu."